Kompresa ikipasuka, nani anamlipa jirani?

Ukiingia Kolwezi kwa barabara ya Likasi, utapita kwado baada ya kwado: fundi wa matairi, rundo la tairi kuukuu na kompresa ambayo mtungi wake umechomelewa mara tatu au nne. Hatua mbili kutoka hapo mama ameketi na beseni la maandazi. Hakukosea mahali, kwa kuwa dereva wa lori akisubiri tairi lazima njaa imshike. Kati ya fundi na mama huyo hakuna mkataba. Hakuajiriwa, hakununua huduma, hakutia sahihi popote. Siku mtungi utakapopasuka na kumvunja mguu, yeye ndiye "umma" unaotajwa katika bima ya dhima kwa umma.

Naanza naye kwa sababu wafanyabiashara wengi wa hapa, ukiwauliza habari za asiransi, wanakutolea karatasi ya gari. Siwalaumu. Bima ya gari kwa ajili ya mtu wa tatu ni lazima tangu sheria ya 1973, na polisi wa barabarani huiulizia. Kwa karibu nusu karne, kuanzia 1966, bima nchini Kongo ilikuwa ya SONAS, kampuni ya serikali, peke yake. Sheria Na. 15/005 ya 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba huo na kuweka msimamizi wa soko, ARCA. Kampuni binafsi zikaanza kupata leseni 2019. Soko limefunguka, lakini mazoea ya karatasi moja yamebaki.

Dhima yenyewe haikungoja bima. Imo katika amri ya 30 Julai 1888, ambayo bado ndiyo msingi wa sheria yetu ya madai. Kifungu cha 258 kinasema aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake atalipa. Cha 259 kinaongeza uzembe. Cha 260 kinaongeza watu unaowatuma na vitu vilivyo chini ya uangalizi wako. Kwa hiyo fundi wetu hawezi kujitetea kwamba aliyejaza upepo ni kijana wake wa kazi. Kijana ni wake, na mtungi ni wake.

Bima haifuti deni hilo. Inalihamisha tu. Tuseme hati ya bima ya fundi ina kikomo cha dola 50,000 kwa kila tukio, na dola 500 za mwanzo anajibebea mwenyewe. Mguu wa mama ukigharimu dola 3,200 za hospitali na siku alizokosa kuuza, kampuni inatoa 2,700. Wakiumizwa watu kumi na madai yakafika dola 80,000, dola 30,000 zinazovuka kikomo zinamrudia fundi pamoja na zile 500. Kikomo ni mstari mmoja kwenye ukurasa wa kwanza, na watu huuruka wakitafuta bei.

Sasa tazama nani hayumo. Kijana akiungua mkono, huyo si umma. Ni mfanyakazi, na mlango wake ni CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikiwa bosi alimwandikisha. Lori lililokanyaga jirani liko kwenye bima ya gari. Na gurudumu la mteja lililokuwa mikononi mwa fundi? Hapo ndipo wengi hushangaa: mali uliyokabidhiwa kwa kazi huwa imeondolewa katika hati ya kawaida, na kuirudisha kunahitaji kipengele cha ziada chenye bei yake. Gereji, dobi na mwenye depo la mizigo waanze kusoma hapo kabla ya mahali pengine popote. Wala usitarajie malipo kwa kazi isiyo halali. Aliyechimba shimo la kobalti chini ya sebule yake kule mtaa wa Kasulo, ukuta wa jirani ukapasuka, ana dhima. Hana wa kumkatia bima.

Tarehe 20 Februari 2019, lori lililobeba asidi ya salfa liligongana na magari mengine karibu na Tenke, njia ya Kolwezi. Watu wapatao 20 walikufa, wengine waliunguzwa na asidi iliyowamwagikia. Ajali ya namna hiyo huanguka katikati ya hati mbili. Hati ya dhima ya biashara husema: magari si yangu. Hati ya gari nayo huweza kuondoa, au kuwekea masharti, mizigo ya hatari na uchafuzi. Udongo na mto ulioharibiwa huwa na kifungu chake, na mara nyingi kifungu hicho hukubali tu uchafuzi wa ghafla, si tone linalovuja mwaka mzima. Mwenye kampuni ya usafirishaji anayebeba asidi au chokaa kwenda migodini aweke hati zote mbili mezani, azisome pamoja, atafute pengo.

Migodi inatuleta kwenye jambo ambalo naliona gumu kuliko yote. Sheria ya Migodi ilivyorekebishwa Machi 2018 ina kifungu cha 285 bis: mwenye haki ya kuchimba analipa madhara ya shughuli zake kwa watu, mali na mazingira hata bila kosa, isipokuwa athibitishe kwamba chanzo kiko nje ya shughuli hizo. Mwaka mmoja kabla, sheria ya ukandarasi mdogo ya 8 Februari 2017 ilikuwa imezitengea kampuni zenye mtaji wa Wakongomani kwa sehemu kubwa kazi za ukandarasi huo. Basi kijana wa Kolwezi mwenye magari mawili na kreni ya kukodi anapewa mkataba wa kurasa arobaini. Ukurasa wa thelathini unamwambia atauondolea mgodi dhima yoyote inayotokana na kazi yake. Anatia sahihi, anapeleka cheti cha bima, kazi inaanza. Lakini hati yake inalipa dhima iliyowekwa na sheria. Ile aliyojitwika kwa kalamu yake mwenyewe huwa imeachwa nje. Cheti kipo, na pengo lipo.

Turudi barabarani, kwa sababu huku kwetu madai hayaanzii mahakamani. Huanzia kilioni. Mtu akifa, mwenye biashara anatarajiwa kufika chini ya turubai kabla jua halijazama, na sanduku, magunia ya unga wa bukari, mafuta, na bahasha. Asipofika, duka linaweza kuchomwa. Hati yake, kwa upande wa pili, inamkataza kukiri dhima au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Nimewaona watu wakiganda hapo, wakidhani bima inawakataza utu.

Haiwakatazi. Sheria za bima za asili ya Kifaransa, ambazo yetu ni ndugu yao, hutenganisha kukubali kwamba tukio lilitokea na kukubali kwamba deni ni lako. Kumkimbiza majeruhi hospitali, kununua sanduku, kukaa kilioni, si kukiri. Kinacholeta balaa ni karatasi ya maafikiano inayoandikwa siku ya tatu kwa shefu wa kartie: "mimi fulani nakubali kulipa dola kadhaa kama fidia, familia haitadai tena." Kampuni ya bima haifungwi na karatasi hiyo. Familia nayo, ikipata mwanasheria, inaweza kuipinga.

Piga simu kwa kampuni siku hiyohiyo, kisha nenda kilioni. Na kijana anayeshika daftari la michango akikuuliza aandike nini mbele ya jina lako, akishaanza "fi—", mshike mkono. Aandike "rambirambi".