Namba Iliyoachwa na Programu Iliyoanguka

Jioni moja mwenye duka la dawa ninayemhudumia alinitumia picha ya kioo cha kompyuta yake kwa WhatsApp, na chini yake maneno matatu: "Kaka, imezima tena." Programu ya mauzo niliyomwandikia kwa lugha ya C ilikuwa inaanguka wakati wa kufunga hesabu za siku. Kwangu haikuwahi kuanguka hata mara moja. Ushahidi wote niliokuwa nao jioni ile ulikuwa ile picha, na ndani yake mstari mmoja ulioandikwa na keneli ya Linux:

mauzo[4127]: segfault at 18 ip 000055d3c4a051c6 sp 00007ffd2b1e9a40 error 4 in mauzo[55d3c4a02000+9000]

Vijana wengi wanaoanza kazi hii wakiuona mstari wa namna hiyo huupita, wanaenda kutapakaza printf kila kona ya programu wakisubiri ianguke tena. Nawaelewa, lakini wanaacha mali barabarani. Mstari huu unataja mahali hasa palipovunjika. Tatizo ni kwamba unataja kwa lugha ya mashine, nasi tunasoma msimbo tuliouandika wenyewe, wenye majina ya mafaili na namba za mistari. Kazi ni kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na chombo cha kuvukia kipo: addr2line, programu ndogo ya mstari wa amri inayokuja na kifurushi cha GNU Binutils.

Kwanza tuusome mstari wenyewe. Namba zote zinazohusu kumbukumbu zimeandikwa kwa msingi wa kumi na sita. Baada ya "ip" ipo anwani ya amri iliyokuwa ikitekelezwa. "At 18" ni mahali ambapo amri hiyo ilijaribu kupafikia, na "error 4" inasema ilikuwa inasoma, haikuwa inaandika, kwenye eneo lisilokuwapo. Hiyo 18 ni 24 kwa hesabu yetu ya kawaida. Anwani ndogo kiasi hicho karibu kila mara humaanisha pointa tupu: programu imeshika rekodi ambayo haipo, kisha ikaenda kusoma sehemu iliyo baiti 24 kutoka mwanzo wake. Kwenye rekodi yangu ya dawa, baada ya jina, namba ya shehena na idadi, kila kimoja kikichukua baiti 8, baiti ya 24 ndipo inapoanzia bei. Kabla sijafungua chombo chochote nilishajua kwamba kuna mahali tunauliza bei ya dawa isiyokuwapo. Ila bei inaulizwa sehemu kumi na tatu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huichukua ile anwani ndefu kama ilivyo, huipa addr2line, na kujibiwa alama za kuuliza, ??:0. Wanahitimisha kwamba chombo hakifanyi kazi. Kumbe mfumo wa kisasa hupakia programu mahali tofauti kila inapoanzishwa, makusudi, ili mvamizi asiweze kukisia kitu kiko wapi. Anwani tuliyoipata ni ya mara hiyo moja tu. Ndani ya faili namba ni nyingine, ndogo, isiyobadilika.

Ile sehemu ya mwisho kwenye mabano ndiyo inayotusaidia: kipande cha programu kilichohusika kilianzia 55d3c4a02000. Lakini tahadhari, huo ni mwanzo wa kipande chenye amri, si mwanzo wa faili zima. Mbele yake hutangulia vipande vingine. Amri readelf -lW mauzo ilinionyesha kwamba kipande chenye ruhusa ya kutekelezwa kinaanzia 0x2000. Kwa hiyo unatoa, kisha unarudisha:

printf '%x\n' $((0x55d3c4a051c6 - 0x55d3c4a02000 + 0x2000))

Jibu ni 51c6. Ukisahau kuongeza ile 0x2000 utapata 31c6, ambayo nayo ni anwani halali ndani ya programu hiyohiyo, na utapelekwa kwenye fankisheni isiyo na kosa lolote. Sasa ndipo unauliza:

addr2line -f -C -i -e mauzo 0x51c6

Herufi -e inataja faili, -f inaomba jina la fankisheni, -C inayafumbua majina ya C++ ambayo kompaila huyasokota. Hiyo -i usiiache. Kompaila ikiona fankisheni fupi huichukua na kuimwaga ndani ya ile inayoiita, na bila -i hutajua nani aliita nani.

Jibu linatoka wapi? Linatoka kwenye taarifa ambazo kompaila huziandika ukiiamuru kwa -g, katika mpangilio uitwao DWARF, uliozaliwa Bell Labs miaka ya 1980 pamoja na faili za ELF. Toleo lake la tano lilitoka mwaka 2017. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani nitakuta jedwali la kawaida: anwani huku, mstari kule. Si hivyo. Jedwali la namna hiyo lingekuwa kubwa mno. Wabunifu wake waliandika maelekezo ya kulijenga: anzia hapa, songa anwani mbele kidogo, songa mstari mmoja, andika safu, rudi mistari miwili, andika safu. Mara nyingi kusonga anwani, kusonga mstari na kuandika safu hubebwa kwa pamoja na baiti moja. addr2line inayatekeleza maelekezo hayo kama mashine ndogo, kisha inatafuta safu inayoibeba anwani yako. Naona huo ni ufundi wa hali ya juu, na haupewi heshima yake.

Nilivyofanya usiku ule, nisingependa mwingine afanye. Programu ya dukani ilikuwa imepitishwa kwenye strip, inayoondoa taarifa hizo ili faili liwe dogo. Nikajenga upya kutoka msimbo niliokuwa nao mezani, nikauliza, nikajibiwa mara moja: mstari fulani ndani ya fankisheni ya kuchapa risiti. Nilikesha na risiti hadi alfajiri. Msimbo wa mezani ulikuwa umebadilika tangu nimpelekee mteja, anwani zote zimesogea, na addr2line haina njia ya kujua hilo. Alama za kuuliza angalau zinakwambia kwamba hujapata. Jibu kamili la faili lisilo lenyewe linakupoteza ukiwa na uhakika.

Kinga ipo ndani ya faili lenyewe. Kiunganishi huweza kuweka kitambulisho cha ujenzi, kwa kawaida tarakimu 40 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo, na strip haikigusi. Amri file mauzo hukionyesha. Asubuhi nilirudi kwenye toleo lilelile nililompelekea, nikalijenga kwenye folda ileile, kwa kompaila ileile, nikalinganisha na nakala ya dukani: tarakimu zote 40 zikakubaliana. Nikauliza tena.

bei_ya_dawa
/home/kazi/duka/mauzo.c:87

Mstari wa 87 ulikuwa unarudisha d->bei. Sikujua bado nani aliita. Kwa bahati programu ilikuwa inahifadhi msururu wa miito kwenye kompyuta ya dukani inapoanguka, na hapa kuna jambo dogo linalowachanganya hata wazoefu: anwani za msururu huo ni za kurudi, yaani za amri inayofuata baada ya mwito. Toa 1 kabla ya kuuliza, la sivyo unaweza kuonyeshwa mstari wa chini yake. Ile ya juu kabisa tu, ya amri iliyoanguka, ndiyo huachwa kama ilivyo.

Aliyeita ni fankisheni ya kufunga siku. Muuzaji alikuwa akiuza dawa asubuhi, mchana shehena ikiisha anaifuta kwenye orodha, na jioni hesabu inakwenda kuitafuta bei yake. Kwangu sikuwahi kufuta kitu nilichokwisha kukiuza. Marekebisho yalikuwa mistari minne.

Siku hizi sijengi bila -g. Kabla ya strip natenga taarifa kwa objcopy --only-keep-debug, mteja anapelekewa faili jepesi, na faili la taarifa linabaki kwangu kwenye folda yenye jina la kitambulisho chake.