Jogoo wa Shemeji

Ukialikwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, hapa Kampala, iwe Ntinda au Makindye, tazama kwanza mahema. Wageni wa bwana harusi huketi upande huu, wenyeji upande ule, na katikati huachwa uwanja mtupu. Wapambaji watakwambia ni nafasi ya wapiga picha. Mimi naona humo mwiko wa zamani wa Baganda: mwanamume na mama mkwe wake wasikaribiane.

Mmisionari John Roscoe aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1911: mama mkwe akikutana na mkwewe njiani, hupisha kando na kujifunika uso. Siku hizi hajifuniki, lakini kupeana mikono bado ni mwiko, na kula sahani moja ndiyo kabisa. Anayekiuka, huaminika, atapatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka. Hapa imani inaumiza: mzee mwenye Parkinson anaweza kudhaniwa amemkosea mkwewe, akafichwa nyumbani badala ya kupelekwa kliniki.

Basi kazi hufanywa na watu wa kati. Wasemaji wa pande mbili hutupiana maneno kutwa nzima, huku bwana harusi ameketi kimya ndani ya kanzu yake kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Anayemtafuta na kumtambulisha ni ssenga, shangazi wa bibi harusi kwa baba. Ukoo huwa umeshaulizwa mapema, maana wenye muziro (mwiko wa ukoo) mmoja hawaoani, na ukoo wa mama nao haukubaliki.

Kisha zawadi. Mbuzi, sukari, magauni ya gomesi ya kina mama: hivyo vyote hujadiliwa, vikapungua. Jogoo hapungui. Hupewa kaka wa bibi harusi, na bila yeye kumpokea, wazee watasema hakuna kilichofanyika. Agosti 2015, katika kesi ya shirika la MIFUMI, Mahakama ya Juu iliacha mahari iendelee ila ikapiga marufuku kuidai irudishwe ndoa ikivunjika. Kwa maoni yangu jogoo hamo katika hesabu hiyo, kwani hanunui kitu. Ni kibali cha kaka, na kaka akinuna shughuli inasimama.

Asiye na kaka? Mtoto wa baba mdogo hutosha, naye kwa Baganda ni kaka kamili. Kumpata aliye mjini Jumamosi hiyo, na mwenye kanzu safi, ni kazi ya ssenga na simu yake.