Makofi, Hundi na Dola ya Furaha

Mei ikifika, katika miji mingi midogo ya Marekani, ukumbi wa mgahawa au hoteli hujaa saa za mchana watu ambao kwa kawaida hukutana dukani tu: daktari wa meno, wakala wa bima, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, meneja wa benki, mwalimu mkuu mstaafu. Kengele inagongwa, wote wanasimama kutamka kiapo cha utii kwa bendera, kisha wanakaa kula. Siku hiyo meza za mbele wameachiwa vijana wa miaka 17 na 18, wanafunzi wa darasa la 12, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari kule. Klabu ya huduma ya watu hawa imewaalika ili iwape cheti, hundi na makofi.

Kabla ya tuzo, kapu huzungushwa. Klabu nyingi za Rotary zina desturi inayoitwa dola ya furaha: mwanachama mwenye habari njema husimama, hutoa dola yake na kuwaeleza wenzake. Mjukuu amezaliwa. Timu ya shule imeshinda. Mke ametoka hospitali. Fedha hizo huenda kwenye kazi za klabu, na mara nyingi skolashipu ni mojawapo. Vivyo hivyo na mapato ya chapati maji zinazouzwa Jumamosi asubuhi, huku mabwana wazima waliofunga aproni wakipishana kwenye kikaango.

Klabu hizi za huduma hazikuanzishwa kwa ajili ya shule. Rotary ilizaliwa Chicago tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na marafiki zake watatu wa biashara. Walikuwa wakikutana kwa zamu katika ofisi zao, na jina la klabu likatokana na zamu hizo. Kiwanis ilifuata Detroit mwaka 1915, na Lions ikaanzia Chicago mwaka 1917. Vijana waliingizwa baadaye. Kiwanis walifungua tawi la kwanza la wanafunzi, Key Club, huko Sacramento mwaka 1925, na Rotary wakaanzisha Interact huko Melbourne, Florida, mwaka 1962. Interact sasa ipo hata katika sekondari za Afrika Mashariki, ambako Rotary ilikuwa imefika Nairobi tangu 1930.

Kilichowavuta watu wa biashara shuleni ni imani yao kwamba tabia njema inafundishika. Mwaka 1932 Herbert Taylor, akijaribu kuinusuru kampuni ya masufuria iliyokuwa ikielekea kufilisika huko Chicago, aliwaandikia wafanyakazi wake maswali manne ya kujipima: kuhusu ukweli, haki, nia njema na manufaa kwa wote. Rotary iliyachukua rasmi mwaka 1943, na leo klabu nyingi huandaa mashindano ya insha na hotuba ambamo wanafunzi wa sekondari hutumia maswali hayo kupima jambo linalowagusa.

Kwa sababu hiyo, anayetuzwa hachaguliwi kwa alama peke yake. Aliyezoea mahafali ya kwetu, ambako zawadi huenda kwa wa kwanza wa Hisabati na wa kwanza wa Kemia, atashangaa kidogo. Elks, chama kilichoanzishwa na wasanii wa jukwaani mjini New York mwaka 1868, kina skolashipu ambayo kila mwaka hupewa wanafunzi 500 wa darasa la 12 nchi nzima. Faili huanzia kwenye tawi la mtaani, hupanda ngazi hadi jimbo, kisha taifa. Waamuzi hutazama masomo, uongozi, huduma na hali ya fedha nyumbani. Si lazima mzazi awe mwanachama.

Ukarimu huo haukuwafikia wote tangu mwanzo. Elks waliwazuia watu weusi kujiunga hadi miaka ya 1970, na wanawake hadi 1995. Rotary nao walikuwa na mlango wao uliofungwa. Klabu ya Duarte, California, ilipopungukiwa na wanachama miaka ya 1970, iliwaingiza wanawake watatu. Makao makuu yakaifukuza. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 1987 majaji wakawapa wanawake haki. Mwaka huohuo Duarte ikaongozwa na Sylvia Whitlock, mwalimu mkuu wa shule, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa klabu ya Rotary.

Na fedha zenyewe? Hundi ya klabu ya mtaani mara nyingi ni dola 500 au 1,000, ilhali ada ya chuo kikuu cha umma kwa mkazi wa jimbo ni kwa wastani zaidi ya dola 11,000 kwa mwaka, bila chakula wala malazi. Kuna pia jambo la kuudhi zaidi: baadhi ya vyuo, vikisikia kijana amepata skolashipu ya nje, hupunguza msaada wao wenyewe. Hundi inabaki ile ile, lakini mfukoni mwa mzazi hakuna kilichoongezeka. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kubana mchezo huo kwa sheria, mwaka 2017.

Kasoro nyingine imo ndani ya fomu ya maombi. Swali la huduma kwa jamii humpendelea mwenye nafasi ya kujitolea Jumamosi, si yule anayekaanga viazi hadi saa nne usiku ili asaidie kodi ya nyumba. Katika miji kama Louisville, Kentucky, walikopokewa wakimbizi wengi kutoka Kongo, wapo watoto wanaozungumza Kiswahili ambao humsindikiza mama kliniki na kumtafsiria, humsomea baba bili ya maji na kumjibu mwenye nyumba. Mtoto wa namna hiyo huenda akaacha nafasi ya huduma wazi, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyewahi kuyahesabu hayo kuwa huduma. Ayaandike, tena kwa kirefu, na aeleze hutumia saa ngapi kwa wiki.

Familia ya namna hiyo ijue pia kwamba skolashipu ya Elks inadai uraia wa Marekani. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi na mzazi wake chini ya malezi yake, huupata uraia papo hapo mzazi anapoupata. Klabu nyingine zina masharti yao, na pa kuyaulizia ni kwa mshauri wa wanafunzi, ambaye kwa kawaida ana orodha ya tuzo za mtaani. Fomu za Elks hufungwa Novemba, na nyingi za klabu ndogo hufungwa kati ya Februari na Aprili, kwa hiyo mzazi amwone mshauri huyo mara shule zinapofunguliwa, Agosti au Septemba.