Mhadhara mrefu: Mwanafunzi na ajifunze kwa dereva wa lori

Ukipita Mai Mahiu, usiku au mchana, utayaona malori yamejipanga kando ya barabara. Mengi hutoka Mombasa yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo. Dereva akishateremka ule mteremko mkali wa Bonde la Ufa, husimama, akanawa uso, akala, akalala kidogo. Haoni haya kupumzika, kwani anajua usingizi haubishi hodi. Hata sheria ya trafiki ya Kenya humkataza kuendesha kwa zaidi ya saa 8 kwa jumla katika kila saa 24.

Mwanafunzi wa chuo kikuu je? Yeye hukesha hadi alfajiri, akaingia ukumbini tumbo tupu, kisha akadhani atamsikiliza mhadhiri kwa saa mbili au tatu bila kuyumba. Punde si punde macho yako ubaoni lakini akili imefika sokoni. Mtihani ukija, analaumu mwalimu.

Kuna vitabu vinavyodai kuwa akili huchoka baada ya dakika 10 hadi 15 za kusikiliza. Watafiti wawili wa Marekani waliolichunguza dai hilo mwaka 2007 hawakuona ushahidi wa kutosha. Linalojulikana na kila aliyeketi darasani ni kwamba akili hutoroka mara kwa mara. Basi kazi yako si kuifunga kamba. Kazi yako ni kuirudisha upesi.

Kabla ya safari

Lala vya kutosha. Kunywa uji au chai. Yapitie maandishi ya mhadhara uliopita kwa dakika kumi, ili la leo likute pa kushika. Fika mapema uketi mbele. Anayeketi nyuma husikiliza mhadhara wa jirani.

Ukiwa njiani

Zima simu uitie mkobani, si kuiweka mezani. Usinakili kila neno. Sikiliza, elewa, kisha andika kwa maneno yako mwenyewe. Acha nafasi pembeni mwa ukurasa kwa maswali. Ukigundua umepotea, tia alama ya kuuliza kisha umfuate mhadhiri pale alipo sasa. Ukianza kumtafuta alipokuwa, utapoteza na hili na lile. Pengo utaliziba baadaye kwa kumwuliza mwenzako au mhadhiri mwenyewe. Kukiwa na mapumziko, simama, toka nje, nyosha miguu.

Baada ya kufika

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilithibitisha hilo mwaka 1885. Alijikaririsha silabi zisizo na maana, kisha akajipima. Baada ya saa moja alikuwa amepoteza zaidi ya nusu, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Somo lenye maana hudumu zaidi, lakini nalo huvuja. Kwa hiyo jioni ile ile, funga daftari ujiulize: leo nimefunzwa nini? Yaandike unayoyakumbuka, kisha ufungue uone uliyoyaacha.

Neno kwa wazazi

Karo hiyo huenda imetoka kwa ng'ombe aliyeuzwa, au ni mkopo wa HELB utakaolipwa kwa miaka mingi. Kila mhadhara uliopita bila kusikika ni fedha iliyomwagika. Lakini ukali peke yake hausaidii. Mtoto anayesafiri kila siku kutoka nyumbani asipewe kazi za usiku wa manane. Badala ya kumwuliza amepata alama ngapi, mwombe akueleze alichojifunza leo. Akiweza kukufafanulia wewe usiyesomea fani hiyo, ameelewa. Akikwama, amejua pa kurudia.

Dereva wa Mai Mahiu hasifiwi kwa kutofumba macho. Husifiwa kwa kuufikisha mzigo salama. Nawe mwanafunzi, saa ulizokaa kitini si hoja. Hoja ni ulichotoka nacho.