Uuguzi Uingereza: kati ya wodi na uwanja

Anayesomea shahada ya uuguzi nchini Uingereza ni mwanafunzi kama wengine, ila kalenda yake ni tofauti. Viwango vya mwaka 2018 vya baraza linalosajili wauguzi na wakunga vilimtaka atimize saa zisizopungua 4,600: nusu nadharia, nusu vitendo.

Mechi nyingi za vyuo vikuu huchezwa Jumatano alasiri. Wenzake wakiingia uwanjani, yeye huenda yuko wodini, au amelala baada ya zamu ya usiku.

Si lazima aache michezo. Akishapata ratiba ya zamu, azungumze mapema na msimamizi wa wodi na kocha wake. Lakini akumbuke: saa za vitendo zilizokosekana hufidiwa, mechi iliyopita haimdai.