Siri, Mapenzi na Kuaminiana katika Hadithi za Mashujaa Vijana wa Marekani

Tangu Superman alipotokea katika gazeti la Action Comics mwaka 1938, hadithi za picha za Marekani zimekuwa na desturi moja iliyokwisha kuota mizizi: shujaa ana majina mawili. Kwa jina la kwanza hujulikana nyumbani, kazini na barabarani. Kwa la pili hujulikana akiwa amevaa barakoa na mavazi ya kishujaa. Kati ya majina hayo mawili hukaa siri, na hadithi nyingi za namna hii haziendeshwi na ngumi kama watu wasiozisoma wanavyodhani, bali huendeshwa na hofu ya siri hiyo kufichuka.

Desturi hiyo ilianza kwa watu wazima. Robin, kijana wa kwanza mashuhuri katika jamii hii ya hadithi, alitolewa mwaka 1940 awe mfuasi wa Batman, na siri yake haikuwa yake hasa, bali ilikuwa ya mlezi wake, naye alikuwa mtunzaji tu. Hali ilibadilika pale vijana walipoanza kukusanyika peke yao, pasipo mzee wa kuwaamuru. Mwaka 1958 kikatokea kikundi cha Legion of Super-Heroes. Mwaka 1963 Stan Lee na Jack Kirby wakawatoa X-Men, wanafunzi watano wa shule moja. Na mwaka 1964 Bob Haney, pamoja na mchoraji Bruno Premiani, akawaunganisha Robin, Kid Flash na Aqualad katika kisa kimoja, ambacho ndicho chimbuko la Teen Titans. Yafaa kuongeza hapa Spider-Man wa mwaka 1962, ingawa hakuwa na kikundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kijana wa umri wa miaka kumi na mitano aweza kuwa shujaa kamili, na kwamba jambo zito kwake si adui, bali ni namna ya kumficha shangazi yake ukweli kila jioni.

Hadithi za miaka ile zilibanwa na masharti. Mwaka 1954, baada ya kelele nyingi kwamba magazeti ya picha yanawapotosha watoto, wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni kali za maadili, nazo hazikulegezwa mpaka mwaka 1971. Kwa hiyo mapenzi ya vijana hawa yalikuwa ya kutazamana kwa mbali. Scott Summers wa X-Men alimpenda Jean Grey, akalificha pendo lake muda mrefu kama alivyoyaficha macho yake yenye mionzi ya hatari. Naye Jean alifanya vivyo hivyo. Msomaji alizijua siri zote mbili, na wenyewe hawakujua hata moja.

Hapo ndipo msamiati wa Kiswahili unapoweza kuwasaidia wachambuzi kuliko maneno ya lugha zilizotumiwa kuandikia hadithi hizi. Neno siri peke yake halitoshi. Iko siri inayowekwa ili kumhifadhi mtu asiaibike wala asidhurike, na hiyo Mswahili huiita sitara. Mwenye kuitenda anasetiri. Iko siri inayowekwa ili kumpotosha mtu, na hiyo ni hila. Tena iko siri ambayo mtu amekabidhiwa na mwenzake, nayo ni amana, neno lililo la shina moja na kuamini na kuaminiana. Mwenye kuvunja amana huitwa haini, na uhaini si sawa na uadui wa kawaida, kwa maana adui hakupewa chochote cha kutunza. Hata hadithi ya Fumo Liongo, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 na kutungiwa utenzi na Muhamadi Kijuma mwaka 1913, imesimama juu ya tofauti hiyo: Liongo hakuuawa na majeshi, bali na mwanawe mwenyewe, aliyeambiwa habari ya sindano ya shaba kama amana, naye akaiuza kwa ahadi alizopewa.

Kisa ambacho kimeyakusanya mambo haya kwa ukali kuliko vyote ni kile kilichoandikwa na Marv Wolfman na kuchorwa na George Pérez katika mfululizo wa The New Teen Titans, ulioanza mwaka 1980. Wawili hao waliwarudisha Robin, Wonder Girl, Kid Flash na Beast Boy (ambaye humo aliitwa Changeling), wakawaongezea Cyborg, Starfire na Raven. Wote hao wakakaa pamoja, wakagombana, wakapendana. Robin, ambaye jina lake ni Dick Grayson, alimpenda Starfire, binti mfalme kutoka sayari nyingine, asiyejua kabisa kuficha hisia zake; na mvutano kati ya kijana aliyelelewa kwa siri na msichana asiyejua siri ni nini ulijaza kurasa nyingi.

Mwishoni mwa mwaka 1982 aliingizwa msichana mmoja, Tara Markov, aitwaye Terra, mwenye uwezo wa kuamuru ardhi na mawe. Kwa sura alikuwa mtoto wa kawaida, mwenye meno ya mbele yaliyochomoza na ulimi mkali. Wasomaji walimchukulia kuwa mdogo wao wa kikundi, atakayekua mbele ya macho yao. Kumbe waandishi walikuwa wamekwisha kuamua tangu siku ya kwanza kwamba atakuwa haini. Mwaka 1983 wasomaji walionyeshwa kwamba Terra ametumwa na Deathstroke, askari wa kukodiwa aliyechukua kazi ya kuwaangamiza Titans baada ya mwanawe kufa akiifanya kazi hiyohiyo. Wenzake hawakuonyeshwa. Kwa miezi mingi msomaji alikaa na siri ambayo alitamani kuwapigia kelele watu wa karatasini.

Mwisho wa jambo hilo ulitolewa mwaka 1984 katika sehemu nne ziitwazo The Judas Contract, yaani Mkataba wa Yuda. Terra alikuwa akiwapiga picha wenzake kwa vioo vidogo alivyovivaa machoni, akayajua majina yao ya kweli, makazi yao na mazoea yao. Na kwa habari hizo Deathstroke akamvamia kila mmoja katika maisha yake ya kawaida, isipokuwa Dick Grayson aliyeponyoka. Yapaswa kutazama jinsi mpango huo ulivyo: silaha zao zote hazikuwafaa, kwa kuwa walipigwa upande wa majina yao ya nyumbani. Kijana wa Kimarekani aliyesoma kisa hiki aliambiwa kwamba kumwonyesha rafiki chumba chako ni kumpa kisu.

Mapenzi ndiyo yaliyokifanya kisa kiwe kichungu. Changeling, mcheshi wa kikundi, alimpenda Terra kwa dhati, naye Terra alimchukia kwa kadiri alivyopendwa. Terra alipokufa chini ya mawe aliyoyaporomosha mwenyewe kwa hasira, Titans walimzika kama mwenzao. Dick Grayson, aliyekwisha kuliacha jina la Robin, alikwenda kuwaokoa wenzake akiwa na jina jipya, Nightwing; hivyo kijana mmoja alipata kuwa mtu mzima katika kisa kilekile kilichomwua mwingine.

Hata hivyo kisa hicho kina doa. Masimulizi ya mwisho yanamhukumu Terra kuwa ni mwovu wa asili, asiye na sababu wala udhuru. Terra alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano, naye Deathstroke ni mtu mzima aliyemtumia kwa kila njia, na masimulizi yanampita mtu huyo karibu bila kumgusa. Wasomaji wa miaka ya baadaye wamelisema jambo hili mara nyingi, na wana haki. Aliyempa mtoto hila aibebe ndiye wa kuulizwa kwanza.

Filamu ya katuni ya Teen Titans, iliyoonyeshwa katika televisheni ya Cartoon Network kuanzia 2003 hadi 2006, ilikichukua kisa hiki ikakigeuza moyo. Terra wa mwaka 2004 hakuzaliwa haini. Ana siri moja tu, kwamba hawezi kuuzuia uwezo wake, nayo ni siri ya aibu. Anamkabidhi Beast Boy, ambaye anaapa kutoitoa. Robin anapoonyesha kwamba anaijua, Terra anaamini kwamba ameuzwa, anakimbia, na Slade (ndiye Deathstroke) anampokea. Beast Boy hakuwa ameitoa siri ile. Uhaini wote uliofuata, basi, ulizaliwa na amana iliyodhaniwa kuwa imevunjwa, na hakuna aliyepata nafasi ya kusema neno moja la kulirekebisha jambo. Kwa ufundi wa usimulizi hapa pana nguvu kuliko kisa cha kwanza. Mfululizo huohuo, mwaka 2003, ulikuwa umekwisha kumwonyesha Robin mwenyewe akivaa barakoa ya mhalifu ili amkaribie Slade, huku akiwapiga wenzake wasijue kuwa ndiye. Na aliyeumizwa zaidi na habari hiyo alikuwa Starfire.

Mfululizo wa Young Justice, ulioongozwa na Greg Weisman na Brandon Vietti na kuanza mwaka 2010, ulilifanya swali la haini kuwa uti wa mgongo wake. Kikundi kinaambiwa kwamba yumo jasusi ndani yao, na watatu wana jambo la kuficha: Artemis anaficha kwamba ni mtoto wa ukoo wa wahalifu, Superboy anapokea dawa kutoka kwa adui ili aongeze nguvu, Miss Martian anaficha umbo lake la asili, akihofu kwamba akionekana atachukiwa. Adui anazijua siri zote tatu na anazitumia kama kamba ya kuwavutia kwake. Watatu hao wanaikata kamba kwa njia iliyo rahisi kuitaja na ngumu kuitenda: wanawaambia wenzao wenyewe. Na hapo inajulikana kwamba Superboy, mpenzi wa Miss Martian, alikuwa ameliona umbo lile zamani, akanyamaza akingoja mwenyewe aseme. Huko ndiko kusetiri. Lugha ya Kiingereza iliyotumiwa katika mazungumzo yale haina kitenzi kimoja kinacholibeba jambo hilo lote, na mfasiri wa Kiswahili angekuwa na bahati kumpita mwandishi.

Wapenzi hao hawakudumu katika hali hiyo. Katika sehemu ya pili, iliyoonyeshwa 2012 na 2013, Miss Martian, ambaye husoma mawazo ya watu, alijaribu kumfuta Superboy kumbukumbu ya ugomvi wao, naye Superboy akatambua. Mtu aliyesetiriwa akawa mwenye kuiba amana iliyo ndani ya kichwa cha mwenziwe. Wakati huohuo Nightwing aliwatuma Aqualad na Artemis kwa adui, mmoja akijifanya amewaasi wenzake, mwingine akidhaniwa kuwa amekufa. Waliojua walikuwa wachache mno. Miss Martian, akiamini kwamba Aqualad amemwua rafiki yake, aliivunja akili yake kwa nguvu, na ndani ya akili iliyokwisha kuvunjika akaukuta ukweli. Ukweli ulipowafikia wengine, hasira yao haikuwa juu ya adui, bali juu ya kiongozi wao. Naye Artemis, vita vilipokwisha na mpenzi wake Kid Flash kutoweka, hakulirudia jina lake la kishujaa. Alibaki na Tigress, lile alilopewa alipokuwa jasusi.