Ni kugawana gari au kulitumia kwa zamu? Istilahi inapoamua nani atalipa

Neno ‘matatu’ halikubuniwa na jopo la wanaistilahi. Asili yake, kama inavyoelezwa mara nyingi, ni nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Wenzetu wa Tanzania nao wakapata ‘daladala’ kutokana na dala, sarafu ya shilingi tano. ‘Bodaboda’ ilizaliwa mpakani Busia, enzi za baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Maneno haya yalitoka vinywani mwa abiria, madereva na makanga, na kila moja lilimwambia msafiri jambo alilotaka kulijua: ni pesa ngapi au ni wapi.

Siku hizi mambo yamegeuka. Njia mpya za kusafiri zinatufikia kupitia simu zikiwa zimeshabatizwa na kampuni, tena kwa Kiingereza. Uber iliingia Nairobi mwaka wa 2015, kisha zikafuata Bolt na Little. Ughaibuni kuna mpango mwingine ambao bado haujashika mizizi hapa kwetu: gari huegeshwa mtaani bila dereva, mwanachama akalifungua kwa simu au kadi, akalitumia saa mbili hivi, akaliacha kwa ajili ya mwingine. Mpango huo ndio Wamarekani wanaouita ‘car sharing’. Mfasiri wa Kiswahili akikutana na istilahi hiyo hukimbilia ‘kushiriki gari’ au ‘kugawana gari’. Hapo pana kasoro, na si ya sarufi pekee.

Hebu tuanze na sarufi hata hivyo. Kitenzi ‘kushiriki’ huhitaji tendo au shughuli. Tunashiriki mkutano, tunashiriki mashindano, tunashiriki mazishi. Gari si shughuli, ni kitu. ‘Kugawana’ nako ni kukata kitu mafungu, kila mtu akaondoka na lake. Ndugu hugawana urithi, na wanunuzi wa ng’ombe wa Krismasi hugawana nyama. Watu watano wakigawana gari, jamani, mmoja atachukua usukani na mwingine magurudumu! ‘Kuchangia gari’ kuna afadhali, ila Mkenya akisikia hivyo ataingiza mkono mfukoni akidhani kuna harambee ya kumnunulia mtu gari.

Chanzo cha tatizo ni kwamba Kiingereza chenyewe kimechanganyikiwa. Kwa Mmarekani, ‘car sharing’ ni lile gari la kukodi kwa saa. Kwa Mwingereza, maneno hayo hayo mara nyingi humaanisha majirani wanaopanda gari moja kwenda kazini, na lile la kukodi kwa saa yeye huliita gari la klabu. Wafaransa wamejiepusha na utata huu kwa kuwa na maneno mawili tofauti: ‘autopartage’ kwa gari linalotumiwa na watu mbalimbali kwa nyakati tofauti, na ‘covoiturage’ kwa watu wanaosafiri pamoja. Anayetafsiri Kiingereza neno kwa neno anarithi mkanganyiko ambao hata wenyewe hawajautatua.

Njia ya kuaminika ni kuuliza maswali matatu kuhusu kila mpango. Gari ni la nani? Nani anaendesha? Pesa zinazotolewa ni za nini? Ukipata majibu utaona Kiswahili kina maneno tele.

Chukua majirani wa mtaa mmoja wanaofanya kazi katikati ya jiji. Jumatatu wanapanda gari la huyu, Jumanne la yule. Hapa hakuna nauli, wala hakuna biashara. Wazee wa pwani walikuwa na desturi ya kula kikoa: marafiki hula pamoja, kila mmoja akitoa chakula zamu yake inapofika. Leo neno ‘kikoa’ limehamia kwenye anwani za intaneti, na wengi hawajui kuwa lilianzia kwenye sinia. Sioni neno linalofaa zaidi ya ‘safari ya kikoa’. Gari likiwa la mtu mmoja kila siku, na wenzake wakamsaidia gharama ya mafuta tu, hiyo ni ‘lifti ya kuchangia’. Huduma ya BlaBlaCar, iliyoanzia Ufaransa mwaka wa 2006, imejengwa juu ya wazo hilo: abiria huchangia gharama, dereva hatengenezi faida.

Tofauti kati ya mchango na nauli si ya kimtindo. Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haimhusu mtu anayebeba abiria kwa malipo. Ajali ikitokea, swali litakuwa: je, zile pesa zilikuwa mchango au nauli? Mkataba ulioandika ‘kushiriki gari’ hautamsaidia yeyote kulijibu. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu, na Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sijui habari hizo zitamfikiaje mwananchi ikiwa neno lenyewe halieleweki.

Neno linaloniudhi zaidi, lakini, ni ‘mshirika’. Kampuni za teksi za simu humwita dereva mshirika wao. Katika Kiswahili, mshirika au mbia ni mtu mnayekula naye faida na hasara, na ana sauti katika maamuzi. Dereva huyu nauli yake hupangwa na programu, akatwa kamisheni, na akipata alama duni anaweza kufungiwa nje ya mtandao. Ubia gani huo? Kanuni za mwaka wa 2022 hapa Kenya ziliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18. Haja ya kikomo cha aina hiyo yenyewe inaonyesha kwamba pande mbili hizi hazikai meza moja. Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber waliofikisha kesi yao pale ni wafanyakazi wenye haki ya kulipwa kima cha chini cha mshahara na kupewa likizo ya malipo. Majaji walitazama hali halisi ya kazi, si jina lililoandikwa mkatabani. Mfasiri anayeandika ‘mshirika’ bila kufikiri tayari amechagua upande. Kwa nini asiandike ‘dereva’ tu?

Ushirika wa kweli katika magari upo. Mjini Zurich, Uswisi, watu walianzisha chama cha ushirika cha kutumia magari kwa zamu tangu 1948, kwa sababu mtu mmoja mmoja hakumudu kununua gari. Hadi leo kampuni ya Mobility ya nchi hiyo, iliyoundwa 1997, ni chama cha ushirika. Sisi tuna sako nyingi za matatu, ila hapo gari kwa kawaida hubaki mali ya mtu, chama kikisimamia shughuli za barabarani, na abiria si mwanachama. Mtaa wenye nyumba 200 na magari yanayolala siku tano kwa wiki ungeweza kuunda sako ya namna ya Zurich, na jina lipo: ‘gari la ushirika’. Likiwa la kampuni inayotafuta faida, basi liitwe ‘gari la zamu’, maana hakuna anayelimiliki miongoni mwa wanaoliendesha.

Na anayelishika kwa saa zile mbili? Kila aliyesoma shule humu nchini anamjua mwalimu wa zamu. Kengele isipolia wiki hiyo, yeye ndiye huulizwa. ‘Dereva wa zamu’ ataulizwa kuhusu kila mkwaruzo hadi dakika anapomkabidhi mwenzake ufunguo.